Saa Ndani ya Maikrofoni: Jinsi Programu Inavyotunza Wakati wa Sauti

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umejengwa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa ni ya ubaridi na mbu si wengi kama walivyo mabondeni. Lakini msafiri akishuka ukingo wa mashariki wa uwanda huo mpaka Bonde la Rukwa, ambako ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 800 tu, hukutana na joto, maji yaliyotuama na mbu tele. Miongoni mwa mbu hao wamo Anofelesi, ambao majike yao hueneza malaria, na wamo wengine wasioieneza kabisa. Kuwatenganisha kwa macho kunahitaji mtu mwenye ujuzi na hadubini. Je, yawezekana kuwatenganisha kwa kuwasikiliza?

Swali hilo limefanyiwa kazi hapa Tanzania. Katika mradi uitwao HumBug, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza walishirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa nchi nyingine kunasa mlio wa mabawa ya mbu kwa kutumia simu za mkononi. Chandarua kilishonwa kwa namna ya kumwelekeza mbu karibu na mfuko uliobeba simu, na simu ikasikiliza wakati mwenye nyumba amelala. Mwaka 2021 watafiti hao walitoa hadharani hazina yenye takriban saa 20 za milio ya mbu wa spishi 36, ili kompyuta zifundishwe kuitambua.

Mbu arukapo hupiga mabawa yake mamia ya mara kwa sekunde, na idadi hiyo hutofautiana baina ya spishi na spishi, tena baina ya jike na dume. Tofauti hizo mara nyingi ni ndogo. Kwa hiyo simu inayonasa mlio kwa kosa la asilimia chache tu yaweza kumfanya mbu mmoja asikike kama mwingine. Kosa la namna hiyo halitokani na ubovu wa kiwambo wala kelele za chumbani. Mara nyingi hutokana na saa ndogo ya umeme iliyo ndani ya simu, au kwa usahihi zaidi, hutokana na programu iliyokabidhiwa kuiongoza saa hiyo.

KUTOKA KIWAMBO HADI TARAKIMU

Maikrofoni ya kidijitali iliyomo katika simu ni ndogo kuliko punje ya hindi. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha silikoni kilichotandazwa mbele ya bamba lenye matundu. Kiwambo na bamba kwa pamoja hufanya kapasita. Sauti inapokifikia kiwambo, hukitetemesha kama ngozi ya ngoma itetemavyo. Nafasi iliyo kati yake na bamba hupungua na kuongezeka, na umeme wa kapasita hubadilika vivyo hivyo.

Maikrofoni za aina ya zamani huishia hapo: hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa kuifuata sauti, na kazi iliyobaki hufanywa na vyombo vingine. Maikrofoni ya kidijitali huendelea hatua moja zaidi. Kila inapopelekewa pigo moja la saa, hujibu kwa biti moja, yaani 1 au 0. Shinikizo la hewa likiwa kubwa, moja huwa nyingi kuliko sifuri. Shinikizo likiwa dogo, sifuri huzidi. Na kukiwa kimya, moja na sifuri hukaribia kuwa sawa. Msingi wa mbinu hii uliwekwa wazi mwaka 1962 na wahandisi wa Kijapani, Hiroshi Inose na Yasuhiko Yasuda pamoja na mwenzao.

Mapigo yanayopelekwa kwenye maikrofoni ni mengi mno. Kiwango kimoja kinachotumika sana ni mapigo 3,072,000 kwa sekunde. Biti zinazorudi hupitishwa katika kichujio cha hesabu, ambacho kwa kila biti 64 hutoa tarakimu moja iliyo kamili zaidi. Tarakimu hiyo ndiyo inayoitwa kipimo cha sauti. Ukigawanya 3,072,000 kwa 64 hupata vipimo 48,000 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida katika simu. Kanuni aliyoithibitisha Mmarekani Claude Shannon mwaka 1949 yataka vipimo viwe zaidi ya mara mbili ya idadi ya mitetemo ya juu kabisa inayotafutwa. Sikio la binadamu halivuki mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo vipimo 48,000 vyatosha. Kwa mabawa ya mbu, vipimo 8,000 tu kwa sekunde vinatosha.

Wahunzi wa Ufipa waliijua vizuri tofauti kati ya chombo kinachojiendesha na kile kinachohitaji mapigo kutoka nje. Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo, ambalo kwa urefu wake lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, pasipo mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo, na hilo halikufanya lolote mpaka watu waanze kupiga mivukuto. Maikrofoni ya zamani ni mfano wa tanuri refu. Maikrofoni ya kidijitali ni mfano wa tanuri dogo: mapigo yakikatika, kazi imekatika.

TARAKIMU HAZIBEBI WAKATI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kipimo kimoja cha sauti ni tarakimu tupu. Hakina alama ya kuonyesha kilichukuliwa lini. Faili lenye vipimo 48,000 laweza kuwa sekunde moja ya mlio wa mbu, au sekunde mbili, au nusu sekunde. Mwanzoni mwa faili huandikwa neno moja tu la ushahidi, kwamba vipimo hivi vilichukuliwa kwa kasi fulani. Kila chombo kitakacholicheza au kulichunguza faili hilo hukubali ushahidi huo bila kuuliza.

Tuseme mbu anapiga mabawa mara 500 kwa sekunde. Faili limeandikwa kuwa lina vipimo 48,000 kwa sekunde, lakini kwa kweli saa ilikuwa ikipiga polepole na vipimo vilikuwa 46,875 tu. Faili hilo likichezwa, vipimo vilivyochukuliwa polepole hutolewa kwa haraka, na mbu husikika akipiga mabawa mara 512. Kama vipimo halisi vilikuwa 44,100, husikika akipiga mara 544. Mazungumzo ya saa nzima yaliyonaswa kwa vipimo 46,875 huisha baada ya dakika 58 na sekunde 36 hivi, na sauti za wasemaji hupanda.

Hasara haiishii kwa mbu. Kifipa, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hutumia kupanda na kushuka kwa sauti katika matamshi yake. Mtafiti anayenasa masimulizi ya wazee ili kuihifadhi lugha hiyo huhitaji vipimo vya kweli vya kupanda na kushuka huko. Akipeleka faili lenye saa ya uongo, mchunguzi wa miaka 50 ijayo atakuwa na tarakimu zilizo kamili, ila wakati wake umepotoka, wala hatakuwa na mzee wa kumrudia amwulize.

Kosa hili lina hila moja zaidi. Simu iliyonasa sauti kwa saa iliyopotoka ikiicheza sauti hiyo yenyewe kwa saa ileile, makosa mawili hufutana na sauti husikika sawa kabisa. Ni kama mtu aliyepima kitambaa kwa rula fupi kisha akakihakiki kwa rula hiyohiyo. Kosa huonekana tu faili linapohamia chombo kingine.

MAPIGO HUTOKA WAPI

Chanzo cha mapigo ni kipande cha fuwele ya kwatzi. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa fuwele za aina hiyo zikiminywa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba zikitiwa umeme hujikunja. Kipande kilichokatwa kwa kipimo maalumu na kutiwa umeme hutetemeka kwa idadi ileile daima, na idadi hiyo hugeuzwa kuwa mapigo ya saa.

Simu haina fuwele kwa kila kifaa chake. Kwa kawaida huwa na fuwele chache, na mapigo yake hupitishwa katika saketi za kuzidisha na saketi za kugawanya mpaka yakafikia kila kifaa kwa kasi kinayoitaka. Mpangilio huu unafanana na mti: shina moja, matawi kadhaa, na vijitawi vingi. Maikrofoni huwa kwenye kijitawi kimoja, spika kwenye kingine, na mara nyingi vyote viwili hunywa kutoka tawi moja.

Katika mambo ya sauti kuna koo mbili za tarakimu ambazo hazichanganyiki kwa urahisi. Ukoo wa kwanza ni wa 48,000, pamoja na 8,000, 16,000 na 96,000. Ukoo wa pili ni wa 44,100, uliotumika katika santuri za kidijitali tangu miaka ya 1980. Mapigo 24,576,000 kwa sekunde yakigawanywa kwa 8 hutoa 3,072,000, ambayo kwa 64 hutoa 48,000 kamili. Mapigo 22,579,200 yakigawanywa kwa 8 hutoa 2,822,400, ambayo kwa 64 hutoa 44,100 kamili. Lakini hakuna namba nzima itakayogawanya 24,576,000 na kuacha 44,100. Chombo kinachotaka koo zote mbili lazima kiwe na mashina mawili, au kiwe na saketi ya kuzidisha inayoweza kubadilishwa.

KIENDESHI NA WAJIBU WAKE

Programu inayosimamia kifaa kimoja ndani ya kompyuta au simu huitwa kiendeshi. Kiendeshi cha maikrofoni ndicho mpatanishi baina ya programu ya juu, ambayo husema tu kwamba inataka kunasa sauti kwa vipimo 48,000, na saketi za chini ambazo hazijui maneno bali mapigo. Simu nyingi zitumiazo Android hufanya kazi juu ya kiini cha Linux. Mwaka 2012, katika toleo la 3.4 la kiini hicho, uliingizwa utaratibu mmoja wa kuongoza saa, ili viendeshi vyote viombe saa kwa njia ileile badala ya kila mtengenezaji kubuni njia yake.

Kiendeshi kizuri hufuata mpango ufuatao:

1. Huomba ruhusa ya kutumia saa ya maikrofoni, na kama saa haipo hukataa kuendelea.

2. Huamua ukoo wa tarakimu unaotakiwa na kuomba kasi ya mapigo inayofaa, kabla saa haijawashwa.

3. Huuliza ni kasi gani iliyopatikana kwa kweli, na kuilinganisha na ile iliyoombwa.

4. Huiandaa saa, kisha huiwasha.

5. Husubiri maikrofoni iamke.

6. Ndipo huruhusu vipimo vipokelewe na kuhifadhiwa.

7. Kazi ikiisha, hurudi nyuma kwa mpango uleule uliogeuzwa: husimamisha upokeaji wa vipimo, huizima saa, kisha huiachilia.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo yenye madhara yaliyokwisha elezwa. Kiendeshi kinapoomba mapigo 3,072,000, mfumo wa saa huweza kutoa kasi iliyo karibu nayo, kwa kuwa vigawanyi vyake haviwezi zaidi ya hapo. Chombo chenye shina la mapigo 24,000,000 pekee kikigawanya kwa 8 hutoa 3,000,000. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Sauti itanaswa, itasikika, na faili litaandikwa 48,000 ilhali ukweli ni 46,875. Kiendeshi kilichoandikwa kwa uangalifu huuliza kasi halisi. Kikiona si ile iliyoombwa, hubadili shina, au humweleza mwombaji kuwa kasi hiyo haipatikani hapa. Kukataa ombi waziwazi ni bora kuliko kulitimiza kwa uongo.

Hatua ya nne nayo ina sehemu mbili kwa sababu maalumu. Saketi ya kuzidisha mapigo haitulii mara moja; huhitaji muda wa kuyumba kabla ya kushika mwendo wake. Kwa hiyo kuandaa ni kazi ya polepole, ambamo programu yaweza kulala na kungoja. Kuwasha ni kama kufungua lango tu, na hufanywa kwa haraka, hata pale ambapo kusubiri hakuruhusiwi. Mwandishi wa programu akizichanganya hatua hizi mbili, huenda akaifanya simu nzima isubiri mahali ambapo haitakiwi kusubiri.

KUAMKA KWA MAIKROFONI

Maikrofoni ya kidijitali isiyopata mapigo husinzia ili isile umeme. Ikipata mapigo huamka, lakini hutumia milisekunde kadhaa, na kwa aina nyingine makumi ya milisekunde, kabla ya biti zake kuwa za kuaminika. Katika kipindi hicho hutoa kishindo au mkoromo usio na maana. Muda unaohitajika huandikwa na mtengenezaji katika karatasi ya maelezo ya kifaa, na kiendeshi hupaswa kuusoma na kuungoja.

Asiyengoja huanza faili kwa kishindo. Anayekwepa kishindo kwa kukata mwanzo wa faili, naye hukata mwanzo wa neno. Milisekunde 50 zinatosha kuondoa konsonanti ya kwanza katika usemi wa haraka. Maneno pika, fika, shika na zika yakikatwa hivyo huwa neno moja, ika. Kompyuta inayofundishwa kuelewa Kiswahili kwa mafaili kama hayo haitajua kama imeambiwa ipike au izike. Dawa yake ni kuwasha saa mapema kidogo, kungoja muda ulioandikwa, na ndipo msemaji apewe ishara ya kuanza.

SAA MOJA, WATUMIAJI WENGI

Imeelezwa kuwa maikrofoni na spika huweza kunywa kutoka tawi moja. Jambo hilo huleta swali la uongozi. Maikrofoni ikimaliza kazi, je, saa izimwe? Ikiwa spika bado inapiga wimbo, wimbo utakatika.

Utaratibu wa Linux hutatua swali hilo kwa hesabu ndogo. Kila kiendeshi kinachowasha saa huongeza moja katika daftari la saa hiyo, na kila kinachozima hupunguza moja. Saa hufungwa kweli pale tu daftari linapofika sifuri. Ni desturi ya nyumba yenye wapangaji wengi: wa mwisho kutoka ndiye afungaye lango.

Hesabu hiyo huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuwasha bila kuzima. Mara nyingi hutokea katika njia ya makosa: kiendeshi kimewasha saa, hatua inayofuata imeshindikana, nacho hutoka kwa haraka bila kurudisha kilichofunguliwa. Daftari hubaki na moja ambayo haitafutwa mpaka chombo kizimwe. Ya pili ni kuzima mara mbili. Hapo kiendeshi huondoa moja isiyo yake, na jirani hukatiwa saa akiwa kazini. Katika chipu nyingi, prosesa ikijaribu kusoma rejista ya kifaa ambacho saa yake imefungwa, huenda isipate jibu kabisa na simu nzima ikaganda.

Tawi lenye watumiaji wawili huleta hatari nyingine. Ikiwa maikrofoni inanasa kwa ukoo wa 48,000, na wakati huohuo programu nyingine inataka kupiga wimbo wa ukoo wa 44,100, mmoja akibadilisha kasi ya shina, mwingine hupotoka katikati ya kazi bila habari. Kwa sababu hiyo kiendeshi hupaswa kuifunga kasi ya saa isibadilishwe kwa muda wote wa kunasa. Anayekuja baadaye huambiwa kasi iliyopo, na wimbo wake hubadilishwa kwa hesabu ili uafikiane nayo.

Kushirikiana kwa saa kuna faida kubwa pia. Maikrofoni mbili huweza kutumia waya mmoja wa biti na saa moja: moja hujibu pigo linapopanda, nyingine linaposhuka. Kwa kuwa zinafuata mapigo yaleyale, vipimo vyake hulingana daima, na tofauti ndogo ya muda wa kufika kwa sauti huonyesha upande ilikotokea. Simu mbili zisizoshiriki saa haziwezi hivyo. Moja ikitangulia kwa sehemu 20 katika milioni na nyingine ikichelewa kwa sehemu 20, baada ya saa moja zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 144, muda ambao sauti husafiri karibu mita 49 hewani.

KUZIMA NI SEHEMU YA KAZI

Saa inayopiga hula umeme hata kama hakuna anayesikiliza. Maikrofoni yenyewe hula kidogo tu, lakini saa yake ikibaki wazi huzuia shina na saketi zinazoilisha zisilale, na hizo hula zaidi. Kinasa sauti kilichoachwa porini kusikiliza ndege wa misitu ya Mbizi, au simu iliyoachwa chandaruani katika nyumba inayotegemea mwanga wa jua, huhesabu kila miliampea. Tuseme saa iliyosahauliwa inasababisha mzigo wa miliampea 20. Betri yenye uwezo wa miliampea-saa 2,000 itakwisha kwa saa 100, hata kama haikunasa sauti yoyote. Mtafiti atakayeirudia baada ya wiki moja ataikuta imekufa, na data za usiku uliobaki hazitapatikana tena.

BARIDI YA UFIPA NA JOTO LA BONDENI

Mwalimu wa fizikia huenda akauliza kama fuwele yenyewe haibadiliki kwa joto na baridi. Hubadilika kweli. Usiku wa Julai huko Sumbawanga una baridi kali, na mchana wa Bonde la Rukwa una joto jingi. Fuwele ikihamishwa baina ya sehemu hizo haitatetemeka kwa idadi ileile hasa. Lakini ukubwa wa mabadiliko hayo ni wa makumi ya sehemu katika milioni.

Fuwele iliyokosea kwa sehemu 50 katika milioni hupotea sekunde 4.32 kwa siku nzima, na mbu wa mitetemo 500 husikika kuwa wa 500.025. Hakuna sikio wala kompyuta itakayojali. Kosa la kiendeshi kilichopata mapigo 3,000,000 badala ya 3,072,000 ni karibu sehemu 23,400 katika milioni, yaani karibu mara 470 ya kosa hilo la fuwele. Tofauti ya mita 1,000 za mteremko, pamoja na baridi na joto lake lote, haifikii hata kwa mbali kosa la mtu mmoja aliyesahau kuuliza kasi iliyopatikana. Maumbile yameipa saa uaminifu mkubwa. Kazi ya programu ni kutoupoteza.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi wanaweza kuchunguza jambo hili wakiwa na simu mbili za aina tofauti na saa ya kupimia muda.

Mwanafunzi mmoja huanza kunasa sauti kwa simu ya kwanza. Mwingine hupiga kofi moja na wakati huohuo huanzisha saa ya kupimia. Baada ya dakika 10 kamili, yaani sekunde 600, hupiga kofi la pili. Faili huhamishwa hadi simu ya pili na kuchezwa huko, na muda kati ya makofi mawili hupimwa. Ukiwa karibu sana na sekunde 600, saa ya maikrofoni imeongozwa vema. Ukiwa sekunde 586 hivi, kuna shaka kwamba vipimo halisi vilikuwa 46,875 huku faili likidai 48,000. Ukiwa sekunde 551 hivi, koo mbili za tarakimu zimechanganywa. Kosa la mkono wa mpimaji halizidi nusu sekunde, kwa hiyo halitaficha makosa hayo.

Ni lazima faili lichezwe katika simu ya pili. Sababu ya sharti hilo imekwisha elezwa, na wanafunzi waitafute wenyewe kabla ya kuanza jaribio. Maabara yenye uma wa sauti wa mitetemo 512 huweza pia kuunasa mlio wake na kuulinganisha, faili likichezwa, na mlio wa uma wenyewe. Milio miwili iliyokaribiana ikisikika pamoja huvuma kwa kupanda na kushuka; idadi ya mivumo kwa sekunde ndiyo tofauti ya mitetemo yao.

MASWALI

1. Chombo kina shina la mapigo 24,576,000 kwa sekunde. Yagawanywe kwa ngapi ili maikrofoni ipate mapigo 1,024,000, na kwa kichujio cha biti 64, vipimo vitakuwa vingapi kwa sekunde?

2. Mbu wa mitetemo 450 amenaswa kwa vipimo halisi 44,100 katika faili lililoandikwa 48,000. Atasikika akiwa na mitetemo mingapi?

3. Kiendeshi A kimewasha saa mara moja, na kiendeshi B mara moja. Kiendeshi A kikakosea na kuzima mara mbili. Daftari la saa litasoma ngapi, na nini kitampata B?